Kifaa Kikizima Botini, Anza na Betri

Skrini ya ramani ikizima ghafla mkiwa njiani, watu huikimbilia skrini yenyewe. Inabonyezwa, inazimwa na kuwashwa, inapigwapigwa mgongoni, na mwisho inatangazwa kuwa imekufa na hela ya mpya inaanza kutafutwa. Mimi ni fundi wa umeme wa boti, na ombi langu kwa kila mwenye boti ni moja: usinunue kifaa kipya kabla hujapima umeme unaofika nyuma ya kile cha zamani, kikiwa kimewashwa na kinafanya kazi yake. Mara nyingi mno kifaa ni kizima, na ugonjwa uko mita kadhaa nyuma yake, kwenye kiungo ambacho hakuna anayekitazama.

Chumvi hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo kiungo kilichorushiwa maji ya bahari mara moja hakikauki tena sawasawa hata jua likiwaka. Mtikisiko wa injini na mawimbi hulegeza skrubu ambazo nchi kavu zingekaa miaka. Shaba, chumvi, maji na umeme vikikutana mahali pamoja, shaba inaliwa. Ndiyo maana njia ninayofuata ni ile ile, iwe kinacholalamikiwa ni redio, taa ya mlingotini au intaneti: naanza kwenye betri, nafuata waya kwenda mbele, na kifaa chenyewe nakishuku mwisho.

Vya kuwa navyo

Mita ya umeme ya kidijitali ya kawaida inatosha. Tafuta pia balbu ya gari ya wati 21, uiunge na waya mbili zenye vibanio, maana nitaitumia sana huko mbele. Ongeza waya mmoja mwembamba unaofika kutoka omo (mbele ya boti) hadi tezi (nyuma), fyuzi za akiba za kila ukubwa uliomo botini, msasa laini, kopo la dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, na koleo halisi ya kubania teminali.

Vua pete na saa ya chuma kabla ya kuingiza mkono kwenye sanduku la betri. Umeme wa volti 12 haukurushi, lakini spana ikilala kati ya chanya na hasi ya betri huwaka nyekundu papo hapo, na pete ya kidoleni hufanya vivyo hivyo. Penye harufu ya petroli usifungue wala kufunga waya wowote. Pitisha hewa kwanza mpaka harufu iishe kabisa. Na umeme mkubwa unaotoka gatini au kwenye inveta ni habari nyingine kabisa: chomoa kwanza, pima baadaye. Kama hujafundishwa kuushika, mwachie aliyefundishwa.

Betri

Zima kila kitu, zima chaja na injini, uiache betri ipumzike saa chache, kisha pima kwenye nguzo zake zenyewe. Usipimie kwenye teminali zilizofungwa juu ya nguzo. Gusa ile risasi ya betri. Betri ya risasi na asidi iliyojaa husoma takriban volti 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi, na ikifika 11.9 iko karibu na sakafu. Betri za lithiamu ya fosfeti ya chuma hazisomeki namna hiyo: hukaa karibu na 13.2 au 13.3 kwa sehemu kubwa ya matumizi, kisha huporomoka mwishoni. Mwenye betri hizo anahitaji mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka, la sivyo anakisia tu.

Sasa washa injini upime tena. Namba inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki pale pale ilipokuwa, alteneta haichaji: tazama mkanda wake, waya mnene unaotoka kwake, na fyuzi iliyo njiani. Kwa hali yoyote usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma ili kujaribu kama alteneta inafanya kazi. Volti hupaa kwa sekunde hiyo moja na kuunguza dayodi za alteneta, na zikipata njia, huingia mpaka kwenye redio na skrini.

Kuna hitilafu moja inayowasumbua watu wengi na jibu lake ni jepesi. Skrini hujizima na kuwaka upya kila injini inapopigwa stata. Stata hunywa mamia ya ampea, na kwa sekunde mbili tatu volti za betri zinaweza kushuka chini ya 10. Skrini haiwezi kuvumilia hilo, nayo haina kosa. Tenganisha betri ya kuwashia injini na betri ya vifaa. Mpaka utakapofanya hivyo, washa injini kwanza, vifaa baadaye. Kama stata imeanza kuvuta kwa uzito usio wa kawaida, hapo betri inakuaga, au teminali zake zimelegea.

Mita husema kweli nusu

Hapa ndipo penye mzizi wa fitina, kwa hiyo nitakaa.

Chukulia redio ya VHF, ile ya kuzungumza na vyombo vingine, inayopokea vizuri kabisa. Unawasikia wenzako, skrini yake inang'aa. Ukibonyeza kitufe cha kuongea, skrini inafifia, redio inazima, kisha inawaka upya. Mwenye boti amepima waya nyuma ya redio akakuta volti 12.4, akaridhika kwamba umeme upo. Kwake redio ndiyo mbovu.

Fanya hesabu. Redio inapopokea hula chini ya nusu ampea. Inapotuma kwa wati 25 hula ampea tano hadi sita. Sasa weka kwenye waya kiungo kimoja kilicholiwa na kutu, chenye ukinzani wa nusu omu tu. Redio ikipokea kwa ampea 0.4, kiungo hicho kinameza volti 0.2, hakuna anayetambua. Ukibonyeza kuongea kwa ampea 5.5, kiungo kile kile kinameza volti 2.75. Redio inabaki na 9.65 na inazima, kama ilivyoundwa kufanya.

Mita yenyewe haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo itakuonyesha volti 12 safi hata kama waya umebakiwa na uzi mmoja wa shaba. Ndiyo kazi ya ile balbu. Chomoa kifaa, unga balbu mahali pake, kisha pima balbu ikiwa inawaka. Balbu ya wati 21 huvuta karibu ampea 1.75, na waya mgonjwa hauwezi kujificha mbele yake: balbu inafifia na namba inaporomoka ukiwa unaitazama.

Ukishajua kwamba umeme unapotea, tafuta unapopotelea. Funga ule waya mrefu kwenye nguzo hasi ya betri, upeleke mpaka kwenye kifaa, uungie mita upande huo. Ncha ya pili ya mita iguse waya hasi wa kifaa, kifaa kikiwa kinafanya kazi yake nzito. Unapima hasara ya njia ya hasi peke yake. Ikiwa sifuri nukta sifuri na kitu, njia ni safi. Ikizidi volti 0.2, umempata. Rudi nyuma kiungo kwa kiungo kuelekea betri, na pale namba itakapoanguka ghafla, kiungo ulichokiruka ndicho kibovu. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya. Kwa vifaa vya kuongozea safari na mawasiliano, kanuni inayofuatwa ni hasara isiyozidi asilimia 3 kwenda na kurudi, yaani volti 0.36 kwenye mfumo wa volti 12.

Anza na hasi. Watu hufuata waya mwekundu kwa uangalifu mkubwa, wakaweka fyuzi, wakaandika lebo. Weusi wanauunga popote palipo karibu, wanausahau. Baa ya hasi (kipande cha chuma ambapo waya hasi zote hukutania) iliyofichwa chini karibu na ngama, sehemu ya chini kabisa ya boti, inayorushiwa maji kila bahari ikichafuka, ndiyo inayonipa kazi nyingi kuliko kifaa chochote kilichomo botini.

Na kutu yenyewe haionekani kirahisi. Teminali inaweza kuwa inang'aa kwa nje. Shika waya karibu na teminali uupinde taratibu: mahali palipooza panapinda kama uzi uliolowa, wakati waya mzima unarudi ulipokuwa. Kata ganda la plastiki nusu sentimita. Shaba nzima ina rangi ya machungwa na inang'aa. Iliyooza ni nyeusi, au ina unga wa kijani, na nyuzi zake hukatika ukizigusa kwa kucha. Kata nyuma, kagua tena, kata nyuma, mpaka ufike palipo safi. Kama umekata urefu wa kiganja na bado ni nyeusi, acha kukata. Waya mzima ubadilishwe. Maji hupanda ndani ya ganda kupitia katikati ya nyuzi, na teminali mpya juu ya shaba nyeusi itadumu majuma machache tu.

Waya mpya uwe wenye nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati. Teminali iwe na ganda lenye gundi ndani, ibanwe kwa koleo yake, kisha ipashwe moto mpaka gundi ichomoze pande zote mbili. Kuunga kwa risasi ya kuyeyusha peke yake sikupendi mahali penye mtikisiko: risasi huufanya waya kuwa mgumu, na pale ugumu unapoishia ndipo unapokatikia. Kabla waya haujaingia kwenye kifaa, uache uning'inie chini kidogo kisha upande, ili maji yanayotambaa juu yake yadondokee pale chini yasiingie ndani.

Fyuzi nazo zisihukumiwe kwa macho. Ya kioo inaweza kuwa na uzi mzima na bado kofia zake zimeota kutu kwa ndani. Kifaa kikiwa kimewashwa, pima volti upande mmoja wa fyuzi, kisha wa pili. Namba zikitofautiana zaidi ya kidogo sana, badilisha fyuzi na usugue kishikio chake kwa msasa.

Vifaa vinavyozungumza kwa waya mmoja

Boti nyingi za sasa huunganisha kipima kina, kipima upepo, GPS, injini na skrini kwenye mtandao wa NMEA 2000: waya mkuu mmoja unaopita botini, na vitawi vinavyoshuka kwenye kila kifaa. Namna hitilafu inavyojitokeza inakuelekeza pa kuanzia. Kifaa kimoja kikipotea, tazama kitawi chake. Vikipotea vyote kwa pamoja, tazama waya mkuu.

Kipimo ninachokipenda hapa huchukua dakika moja. Zima umeme wa mtandao huo. Fungua kiunganishi popote, weka mita kwenye omu, upime kati ya waya mweupe na wa bluu. Lazima usome karibu 60. Kila mwisho wa waya mkuu una kizibo chenye ukinzani wa omu 120, na viwili vikisimama sambamba vinatoa 60. Ukisoma 120, kizibo kimoja hakipo au waya umekatika katikati. Ukisoma 40, kuna mtu ameongeza cha tatu. Hutokea sana kifaa kipya kinapofungwa na kila kilichokuja kwenye boksi lake kikachomekwa. Kisha washa umeme upime kati ya mwekundu na mweusi kwenye ncha ya mbali zaidi na mahali umeme unapoingilia. Chini ya volti 9 vifaa hivi havitakiwi kutegemewa.

Kama vipimo ni sawa na bado mtandao unasuasua, gawa mtandao katikati. Uweke kizibo cha akiba pale ulipoukata ili nusu iliyobaki na umeme iwe na vizibo vyake viwili. Ikitulia, mgonjwa yuko nusu nyingine. Kwa kuwa umeme unaingilia upande huu tu, uhamishie upande wa pili ili nao uujaribu. Endelea kugawa mpaka abaki mmoja. Na kitawi kisizidi mita 6. Niliowakuta na vitawi virefu walikuwa na vifaa vinavyotokea na kupotea bila mpangilio.

Vifaa vya zamani vya NMEA 0183 vina kasoro mbili za kawaida: waya wa kutoa umeungwa kwenye wa kutoa wa mwenzake badala ya wa kupokea, au kasi hazilingani. Vifaa vya kawaida huzungumza kwa kasi ya biti 4800 kwa sekunde, AIS (kifaa kinachoonyesha vyombo vilivyo karibu kwa redio) kwa 38400.

Redio, AIS na kelele usizozisikia

Umeme ukiwa safi na redio bado haifiki mbali, ugonjwa uko kwenye kebo ya antena. Mita ya SWR inayochomekwa kati ya redio na kebo hupima kiasi cha nguvu kinachorudi. Chini ya 1.5 ni vizuri. Ikifika 3, robo ya nguvu inarudi kwenye redio. Lakini kumbuka kwamba kebo iliyojaa maji hunyonya nguvu inayokwenda na inayorudi, hivyo SWR inaweza kuonekana nzuri huku antena haipati kitu. Pima pia juu mlingotini ukiweza. Kiunganishi cha juu kikikosa kuzibwa kwa utepe wa mpira unaojishikanisha wenyewe, mvua inaingia na kushuka ndani ya kebo. Redio inayofanya kazi kiangazi na kuzorota masika ina dalili hiyo hiyo.

Unene wa kebo nao si urembo. Mita 20 za RG-58, ile nyembamba, humeza zaidi ya nusu ya nguvu kwenye masafa ya VHF. RG-213 ya urefu huo huo humeza kama theluthi moja. Na urefu wa antena juu ya maji unashinda wati: umbali wa upeo wa redio kwa kilomita ni takriban 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita. Antena ya mita 9 hupata kilomita 12. Mwenzako mwenye antena ya mita 4 hupata 8. Mtasikiana kwa kilomita 20 hivi, na kuongeza nguvu hakutasogeza upeo wa dunia.

Taa za LED zinastahili neno lake. Saketi ndogo iliyo ndani ya taa hizo hutoa kelele ya redio inayoweza kuangukia juu ya VHF na AIS, hasa taa ya mlingotini iliyo karibu na antena. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2018. Jaribio lake ni hili: zima taa zote, chagua chaneli iliyo kimya, punguza squelch (kidhibiti kinachonyamazisha mvumo wa redio) mpaka mvumo usikike, kisha irudishe kidogo mpaka unyamaze. Sasa washa taa moja moja. Taa itakayorudisha mvumo ndiyo inayoziba masikio ya redio yako. Chaja ndogo za USB na inveta zipitishe kwenye jaribio hilo hilo. Nalishikilia sana, kwa sababu mtu anaweza kusafiri usiku kucha akiamini bahari ni tupu, kumbe AIS yake haisikii kwa sababu ya taa yake mwenyewe.

AIS daraja B, zile za boti ndogo, nyingi hutuma kwa wati 2 tu, kwa hiyo hazina nguvu ya kupoteza. Zikishirikiana antena na redio kupitia kigawanyi, na zote mbili zikazorota siku moja, toa kigawanyi uunge redio moja kwa moja kabla ya kushuku kingine.

Majaribio ya sauti yasifanyike kwenye chaneli 16, ya wito na dharura, kama kuna nyingine inayoruhusiwa, na chaneli 70 haizungumzwi kabisa. Ni ya wito wa kidijitali. Hakikisha redio inaonyesha latitudo na longitudo kwenye skrini yake. Ikiwa inaandika kwamba haina GPS, kitufe chekundu cha dharura kitatuma kilio bila kusema mko wapi. Ni kasoro ya waya mbili tu, na haipigi kelele mpaka siku mtakayoihitaji.

Intaneti

Neno "intaneti imekata" linaficha sehemu tatu: simu yako kwenda kwenye ruta, ruta kwenda nje, na huko nje kwenyewe. Zitenganishe kabla ya kuwasha upya chochote.

Fungua ukurasa wa ruta kwenye simu au kompyuta, kwa kawaida 192.168.1.1 au namba iliyoandikwa chini ya ruta. Ukifunguka, Wi-Fi ni nzima. Usipofunguka, tazama anwani ambayo kompyuta imepewa; ikianza na 169.254 ruta haijaigawia kitu, na huenda ruta yenyewe ina njaa ya umeme. Boti ya chuma au ya nyuzi za kaboni huzuia Wi-Fi, kwa hiyo ruta iliyo kabatini chini haitafika sitahani. Masafa ya Wi-Fi ya GHz 2.4 hupenya zaidi, ya GHz 5 hukimbia zaidi kwa karibu.

Wi-Fi ikiwa nzima, jaribu kufikia 1.1.1.1 kwa ping, amri inayouliza kama anwani fulani inajibu. Ikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina, tatizo ni DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba), weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye ruta. Isipojibu, angalia bando na laini, na kama mmevuka mpaka wa nchi angalia APN (mpangilio wa data wa kampuni ya simu) na ruhusa ya kutumia data ugenini. Wi-Fi ya gatini mara nyingi husubiri ukurasa wa kuingilia ambao ruta ya botini haiwezi kuujaza. Unganisha simu kupitia ruta, fungua tovuti yoyote isiyo ya https, ukurasa utajitokeza. Na ukiunganisha ruta mbili, hakikisha hazitumii familia moja ya anwani. Mbili zote zikiwa 192.168.1 zitakanyagana, na kosa litaonekana kama mtandao dhaifu.

Kwa laini ya simu, acha kuhesabu vijiti. Ukurasa wa ruta huonyesha namba mbili: RSRP, nguvu ya mawimbi yanayofika, na SINR, mawimbi hayo yakilinganishwa na kelele. RSRP ya -90 ni nzuri, -105 ni dhaifu, -115 na kuendelea chini ni ya kubahatisha. SINR ikiwa chini ya sifuri, kuna kelele nyingi kuliko ujumbe, na antena kubwa zaidi haitakusaidia kama inakusanya kelele hiyo hiyo. Ile hesabu ya upeo inafanya kazi hapa pia. Mnara wa mita 49 una upeo wa kilomita 29. Simu iliyo mkononi sitahani, mita 2 juu ya maji, inaongeza kama 6. Antena iliyo mita 16 mlingotini inaongeza zaidi ya 16. Huo ni ukomo wa kinadharia, lakini ndiyo maana ruta yenye antena ya juu huendelea kuongea wakati simu zimenyamaza. Kebo ndefu hula faida hiyo haraka kwenye masafa ya 4G. Ni afadhali ruta yenyewe ikae juu ndani ya kasha lisiloingiza maji, na waya wa mtandao ndio ushuke chini. 4G hutumia antena mbili kwa pamoja, kwa hiyo usiunge moja ukaacha tundu la pili wazi.

Dishi la setelaiti za chini kama Starlink, zinazozunguka kilomita mia kadhaa juu yetu, linataka anga wazi. Mlingoti, tanga na nguzo ya rada vikikata sehemu ya anga, mtandao utakatika sekunde chache kila setelaiti inapopita nyuma yake. Ukiwa umetia nanga boti inageuka na upepo na maji, kwa hiyo sehemu ya anga iliyozibwa inabadilika; andika saa ya kukatika na omo ilielekea wapi, utaona mpangilio. Angalia pia kifurushi chako, kwa sababu vingine vinakoma mkitoka mbali na nchi kavu.

Lakini dishi linalokatika usiku tu lina hadithi nyingine. Dishi la kawaida hula wati 75 hadi 100. Kwa wati 75 kupitia inveta ni takriban ampea 7 za volti 12. Betri ya risasi ya ampea-saa 100, ambayo haifai kutumiwa chini ya nusu, ina ampea-saa 50 za kukupa. Ukiwasha dishi saa 12 jioni, kufikia saa 7 usiku umeshamaliza, volti zinashuka, inveta inapiga kelele, dishi linazima na kuwaka upya. Asubuhi paneli za jua zinainua volti, mtandao unarudi, na watu wanalaumu setelaiti. Pima betri wakati ule mtandao unapokatika. Lishe dishi moja kwa moja kwa umeme wa DC kama aina yako inaruhusu, au tumia dogo linalokula wati 25 hadi 40, au lizime mnapolala.

Kadhaa za mwisho

Otopailoti ikianza kuzungusha boti bila sababu, tafuta sumaku karibu na dira yake ya kielektroniki: spika mpya, kasha la simu, sanduku la spana lililosukumwa kabatini. GPS ya zamani inayoonyesha tarehe iliyorudi nyuma karibu miaka 20 imepitwa na hesabu ya majuma 1024 ya GPS, ambayo mara ya mwisho ilianza upya Aprili 2019; kama haina programu mpya ya mtengenezaji, itaendelea kukosea tarehe.

Kifaa kikiingia maji ya chumvi, kata umeme mara moja na usijaribu kukiwasha ili uone kama kimepona. Kioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mengi, mpaka ndani kama kinafunguka, kisha kikauke siku kadhaa penye hewa na joto la wastani. Chumvi iliyobaki ndani huendelea kula saketi hata kikikauka.

Na ukifika mahali pa kumwita fundi, mpelekee namba: volti za betri zikiwa zimepumzika, volti injini ikiunguruma, volti nyuma ya kifaa kikiwa kimezimwa, na volti pale pale kikiwa kinafanya kazi yake nzito. Ongeza picha ya kila teminali uliyoifungua na saa ambazo hitilafu hutokea. Nikipewa hizo, mara nyingi najua pa kufungua kabla sijapanda botini.